Anza na Jua, Malizia na Mbegu: Mwongozo Kamili wa Kulima Mboga na Viungo Nyumbani

Watu wengi wanaoamua kulima mboga nyumbani huanza kwa kununua mbegu. Hununua pakiti sita au saba, kila moja ikiwa na picha ya kupendeza, ndipo hutafuta mahali pa kuzipanda, kisha udongo wa kupandia, na mwishowe hugundua kwamba pembe pekee iliyobaki wazi haipati jua zaidi ya saa mbili kwa siku. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kinyume. Tutaanza na mambo ambayo mkulima hawezi kuyabadilisha, yaani jua na nafasi, tuendelee na yale anayoweza kuyarekebisha, yaani udongo na maji, na mbegu tutaifikia wakati mahali pake pameshajulikana.

Hatua ya kwanza: Lipime jua

Mbolea huupa mmea madini tu. Chakula chenyewe mmea hujitengenezea kwa mwanga, na hakuna samadi inayoweza kufidia kivuli. Chagua siku isiyo na mawingu, pita kwenye eneo unalolifikiria kila baada ya saa moja tangu asubuhi hadi jioni, na uandike ni saa ngapi jua linapiga hapo bila kuzuiwa na ukuta, paa au mti. Mboga zinazoliwa tunda, kama vile nyanya, pilipili hoho, biringanya, bamia na matango, zinahitaji jua la moja kwa moja kwa saa 6 hadi 8. Karoti na figili huvumilia pungufu kidogo ya hapo, na mboga za majani pamoja na nanaa na giligilani, ambayo wengine huiita dania, hukua vizuri hata kwa saa 3 au 4. Kumbuka pia kwamba njia ya jua angani hubadilika kadiri mwaka unavyosonga, hivyo kivuli ulichokipima leo kinaweza kuhama baada ya miezi michache.

Ukiwa na maeneo mawili yanayolingana kwa mwanga, chukua lile lililo karibu zaidi na jikoni na bomba la maji. Bustani unayoipita mara tatu kwa siku utaona viwavi wake wangali wadogo, ilhali ile iliyo nyuma ya nyumba hugunduliwa kuwa na tatizo pale majani yanapokuwa yameshaliwa.

Kwa ukubwa, anza na tuta moja la mita 1 kwa mita 2, au vyombo sita hivi. Tuta lisizidi upana wa mita 1.2, ili uweze kufika katikati yake kutoka pande zote mbili bila kulikanyaga, kwa sababu udongo uliokanyagwa hupoteza vinafasi vya hewa ambavyo mizizi huvihitaji kupumua.

Hatua ya pili: Tuta au chombo?

Kama una ardhi, tuta ni rahisi zaidi kulitunza kwa kuwa halikauki haraka. Kabla ya kuchimba, hata hivyo, jiulize udongo huo ulikuwa wa nini zamani. Pembeni mwa nyumba kuukuu zilizopakwa rangi zenye madini ya sumu ya risasi, na kando ya barabara zenye magari mengi, udongo unaweza kuwa na madini hayo, ambayo hujikusanya zaidi kwenye mboga za majani na za mizizi kuliko kwenye matunda. Mahali penye shaka kama hiyo, jenga tuta la kuinuliwa na ulijaze udongo safi ulioletwa kutoka kwingine. Usilizungushie mbao kuukuu zilizotibiwa kwa dawa za kuzuia mchwa na kuoza, kwani baadhi ya dawa hizo za zamani zilikuwa na aseniki.

Kwenye vyombo, kinachopaswa kukushughulisha ni kina kuliko uzuri. Saladi, vitunguu vya majani na viungo vingi hutosheka na kina cha sentimita 15 hadi 20. Karoti ndefu zinataka sentimita 30, na mche mmoja wa nyanya unahitaji chombo cha lita 20 au zaidi. Ndoo iliyopasuka, kreti lililotandikwa gunia au beseni kuukuu vinafaa sawa na chungu cha dukani, mradi tu chini pana matundu. Kwenye roshani na juu ya paa, zingatia uzito: lita moja ya maji ina kilo moja, na chombo cha lita 20 chenye udongo uliolowa kinaweza kupita kilo 20, kwa hiyo vyombo kumi ni mzigo wa kumuuliza fundi kwanza.

Hapa niseme neno kuhusu kokoto. Karibu kila mtu hushauriwa kuweka tabaka la kokoto chini ya chungu ili maji yatoke vizuri, na ushauri huo si sahihi. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo huo ushibe kabisa, na kwa hiyo kokoto huinua tu lile tabaka la tope na kulisogeza karibu na mizizi. Funika tundu kwa kipande cha wavu ili udongo usimwagike, kisha ujaze udongo mpaka chini.

Hatua ya tatu: Udongo

Hapa ndipo penye kazi kubwa ya bustani, na mtu akiharakisha hapa atalipa kwa miezi yote inayofuata. Anza kwa kuutambua udongo ulio nao. Jaza chupa angavu theluthi moja kwa udongo, ongeza maji mpaka karibu na mdomo, tikisa kwa nguvu na uiache itulie. Mchanga hukaa chini katika dakika ya kwanza, tope laini hufuata ndani ya saa chache, na mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi kutuama, ilhali mabaki ya mimea huelea juu. Tabaka la mchanga likiwa nene kupita kiasi, maji na rutuba vitapita bila kusimama. Mfinyanzi ukizidi, maji yatatuama na mizizi itakosa hewa. Jambo la kufurahisha ni kwamba tiba ya hali zote mbili ni moja, nayo ni mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyooza, kwa kuwa hushika maji kwenye mchanga na kufungua vinafasi kwenye mfinyanzi. Kinyume chake, usijaribu kuulainisha mfinyanzi kwa kuumwagia mchanga kidogo, maana mchanganyiko huo hukauka ukawa mgumu kama tofali.

Kwa tuta, changanya sentimita 5 hadi 8 za mboji kwenye sentimita 20 za juu. Kwa vyombo, udongo wa shambani peke yake haufai, kwa kuwa hushindiliwa na kila umwagiliaji mpaka unakuwa donge. Mchanganyiko ninaoupendelea ni sehemu moja ya udongo mzuri, sehemu moja ya mboji iliyoiva, na sehemu moja ya kitu cha kuingiza hewa, kama vile makumbi ya nazi yaliyosagwa au mchanga wa mto wenye chembe kubwa. Mchanga wa baharini uepukwe kwa sababu ya chumvi yake. Mboga nyingi hupenda udongo wenye pH, yaani kipimo cha uchachu, ya 6 hadi 7, na mboji nyingi husaidia kuusogeza udongo karibu na kiwango hicho bila wewe kuhangaika.

Mboji unaweza kuitengeneza mwenyewe. Changanya vitu vikavu vya rangi ya kahawia, kama majani makavu, mabua na karatasi ngumu zilizochanwachanwa, na vitu vibichi kama maganda ya mboga, majani mabichi na samadi, kwa kiasi cha ndoo mbili au tatu za vikavu kwa ndoo moja ya vibichi. Unyevu uwe kama wa sponji iliyokamuliwa. Lundo likifikia mita 1 kwa kila upande, vijidudu vinavyolivunja vitalipasha moto hadi nyuzijoto 55 au 65, joto linaloua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya magonjwa; ndipo huligeuza kila linapoanza kupoa, ili vya nje viende ndani. Lundo dogo la nyumbani halipati joto hilo, lakini litaoza vilevile, ila polepole zaidi. Nyama, mafuta, maziwa na kinyesi cha mbwa au paka visiingie kabisa. Lundo likinuka vibaya, limelowa mno au limezidiwa na vibichi, na dawa yake ni kuongeza vikavu na kuligeuza. Mboji iliyoiva ni nyeusi, hupukutika mkononi na hunukia kama udongo baada ya mvua.

Samadi mbichi ni jambo la kuangaliwa kwa makini kwa sababu hubeba bakteria wanaoweza kumfikia mlaji. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna mazao yanayogusa udongo, na siku 90 kwa yale yasiyougusa. Kwa bustani ya nyumbani ambako mboga nyingi huliwa mbichi, ni salama zaidi kutumia samadi iliyokwisha kuozeshwa pamoja na mboji.

Hatua ya nne: Kuchagua cha kupanda

Sasa ndipo mtu anaweza kununua mbegu. Panda unachokula mara kwa mara, na katika hivyo uanze na vile ambavyo hutumika kidogo kidogo na hunyauka haraka baada ya kununuliwa, yaani viungo vya majani, vitunguu vya majani na saladi. Figili huvunwa baada ya wiki 4 hivi, mchicha huchukua muda unaokaribiana na huo, na saladi ya kuchuma majani hufuata. Nyanya na pilipili hutaka subira ya miezi miwili na zaidi tangu kupandikizwa.

Viungo usivipande vyote katika chombo kimoja, hata kama picha za mapambo zinaonyesha hivyo. Rosemari na oregano hupenda jua kali na udongo unaokauka kati ya umwagiliaji, wakati nanaa, rehani na giligilani hupenda unyevu usiokatika. Kwenye chungu kimoja lazima kundi moja liteseke. Nanaa ipewe chombo chake peke yake daima. Niliwahi kuipanda pembeni mwa tuta la saladi nikidhani nitaizuia kwa kuikata, na baada ya msimu mmoja mashina yake ya chini ya ardhi yalikuwa yametokea upande wa pili.

Hatua ya tano: Kusia na kupandikiza

Kanuni ya kina ni kuifukia mbegu mara mbili au tatu ya unene wake. Mbegu ya saladi ni ya pekee kwa sababu huhitaji mwanga ili kuota, kwa hiyo ibonyeze tu juu ya udongo. Pia aina nyingi za saladi hugoma kuota joto la udongo likizidi nyuzijoto 30 hivi, na wakati wa joto kitalu chake kiwekwe kivulini. Kinachoitwa mbegu ya giligilani ni tunda lenye mbegu mbili ndani, na ukilisugua taratibu mpaka lipasuke kabla ya kusia utapata uotaji mzuri zaidi. Karoti na figili husiwa palepale zitakapokulia, kwa kuwa mzizi uliosumbuliwa hupinda au hugawanyika. Karoti huweza kuchukua wiki mbili au tatu kuota, na kipindi chote hicho udongo wa juu usikauke. Gunia lililoloweshwa juu ya mstari husaidia sana, mradi liondolewe mara tu vichipukizi vinapoonekana.

Nyanya, pilipili, biringanya na kabichi huanzishwa kitaluni. Adui mkubwa wa kitalu ni kinyausi, ugonjwa wa kuvu unaolainisha shina usawa wa udongo mpaka mche unaanguka kama uliofyekwa. Hutokea palipo na msongamano, maji mengi na hewa nzito, hivyo sia kwa nafasi, mwagilia asubuhi, na tumia vyombo vilivyooshwa. Miche ikiwa mirefu, myembamba na imeinama upande mmoja, inatafuta mwanga, na kuiongezea mbolea kutaidhoofisha zaidi.

Miche ikifikisha majani halisi 4 hadi 6, bila kuhesabu yale mawili ya kwanza yanayotoka na mbegu, izoeshe jua na upepo kwa siku 7 hadi 10, ukiiweka nje saa chache siku ya kwanza na kuongeza kila siku. Pandikiza jioni au siku ya mawingu, na mwagilia papo hapo. Mche wa nyanya ufukie mpaka karibu na majani ya chini, kwa sababu shina lake lililofukiwa hutoa mizizi mipya. Saladi, kinyume chake, ikifukiwa kitovu, yaani pale majani yanapochipukia, huoza. Nafasi ya nyanya ni sentimita 45 hadi 60, pilipili 40 hivi, saladi 20 hadi 25. Karoti zipunguzwe zibaki na sentimita 5 kati yake. Kupunguza miche iliyoota vizuri humuuma kila anayeanza, lakini anayeshindwa kuing'oa atavuna majani matupu.

Hatua ya sita: Maji

Kwa uzoefu wangu, mimea ya vyombo hufa zaidi kwa kunyweshwa kupita kiasi kuliko kwa kiu. Mizizi iliyozama hukosa hewa na kuoza, kisha majani yananyauka, na mwenye bustani, akiona mnyauko, anaongeza maji. Kabla ya kumwagilia, chomeka kidole sentimita 3 hadi 4: kukiwa na unyevu, subiri. Usiamue kwa kutazama majani ya saa sita mchana, kwani mimea mingi yenye majani mapana hulegea wakati wa jua kali na kusimama tena jioni; ikiwa imelegea asubuhi, hapo ndipo ina kiu kweli.

Tuta huhitaji takriban milimita 25 za maji kwa wiki, mvua ikihesabiwa, ambazo ni sawa na lita 25 kwa kila mita ya mraba. Ni bora kuzitoa kwa mara mbili au tatu zinazozama kuliko kunyunyiza kidogo kila siku, kwa sababu mizizi hufuata maji na, yakikaa juu, nayo hukaa juu. Vyombo vilivyo juani siku za joto vinaweza kuhitaji maji kila siku. Elekeza maji kwenye udongo, si kwenye majani, na ufanye hivyo asubuhi ili kilicholowa kikauke kabla ya usiku. Kisha funika udongo kwa matandazo ya nyasi kavu au majani makavu yenye unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha nafasi ndogo kuzunguka shina.

Nyanya zenye doa jeusi lililobonyea kitakoni hudhaniwa kuwa na ugonjwa wa kuambukiza. Kwa kweli tunda limekosa kalsiamu, mara nyingi si kwa sababu udongo hauna madini hayo, bali kwa sababu maji yanayoyasafirisha yalikuja kwa vipindi vya ukame na mafuriko. Mwagilia kwa mpangilio na matunda yatakayofuata yatakuwa salama.

Hatua ya saba: Malezi, wadudu na magonjwa

Majani ya chini yakigeuka manjano kwa pamoja wakati mmea umedumaa, kuna uwezekano wa upungufu wa naitrojeni. Ongeza mboji juu ya udongo. Kwa upande mwingine, nyanya yenye majani mengi ya kijani kibichi lakini isiyo na maua imepewa naitrojeni kupita kiasi. Mimea ya vyombo hulishwa mara nyingi zaidi kuliko ya tuta, kwa kuwa kila umwagiliaji huondoa madini kupitia matundu.

Nyanya na pilipili hujichavusha zenyewe, na pale upepo usipofika, mtikise taratibu mmea ulio kwenye maua. Matango na maboga yana maua ya kiume na ya kike mbalimbali. La kike lina kijitunda nyuma yake, na kama hakuna nyuki, chuma la kiume asubuhi na ulipake ndani ya la kike.

Vidukari, wale wadudu wadogo laini wanaofyonza mimea, hujikusanya chini ya majani machanga. Wapulizie maji kwa nguvu kwanza, na wakirudi, tumia kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini ya maji katika lita moja ya maji, jioni, baada ya kujaribu kwenye jani moja. Usiharakishe kupiga dawa kali, maana huua pia bibikoko wanaokula vidukari hao. Sota, yaani viwavi wa udongoni, hukata miche usiku kwenye shina, na kikingio cha karatasi ngumu kilichozungushwa kwenye mche na kuchomekwa sentimita 2 ardhini huwazuia. Mvutaji sigara anawe mikono kabla ya kugusa nyanya, kwa kuwa virusi vya batobato la tumbaku huweza kuhamia kwenye mmea kwa njia hiyo. Jani lenye dalili za ukungu liondolewe mapema na lisiingie kwenye lundo la mboji lisilopata joto.

Nyanya, pilipili, biringanya na viazi mviringo ni jamii moja na hushirikiana magonjwa ya udongoni, hivyo sehemu iliyokuwa na mmoja wao isipandwe mwingine kabla ya miaka 3. Kunde na maharage ni mrithi mzuri wa sehemu hiyo.

Hatua ya nane: Kuvuna na kuhifadhi mbegu

Chuma majani asubuhi, kabla jua halijayalegeza, na usichukue zaidi ya theluthi moja ya mmea kwa mara moja. Rehani ikatwe juu kidogo ya pale majani mawili yanapotoka kwenye shina, na hapo yatachipuka matawi mawili. Ukichuma jani moja moja kutoka chini utabaki na fimbo yenye maua juu. Usiiweke rehani kwenye friji, kwani baridi ya chini ya nyuzijoto 10 huigeuza nyeusi. Iweke kwenye glasi ya maji mezani. Rosemari na oregano hubaki na harufu zikikaushwa kivulini, lakini giligilani hupoteza karibu yote, na ni heri kuikatakata na kuigandisha.

Mwishoni mwa msimu, acha mimea michache bora ikomae kwa ajili ya mbegu. Kama pakiti ilikuwa ya chotara, inayoandikwa F1, usihifadhi, kwa kuwa watoto hawatafanana na mama. Mbegu za nyanya zikamuliwe pamoja na maji yake kwenye kikombe, ziachwe zichachuke siku 2 au 3 ili ule utelezi uondoke, zioshwe na zikaushwe kwenye sahani. Zihifadhi kwenye chupa iliyofungwa, mahali pakavu, penye ubaridi na giza, na uandike jina na mwaka. Za kitunguu hudumu mwaka mmoja au miwili tu, ilhali za nyanya na matango huweza kupita miaka 4.

Kabla ya kuzipanda tena, funga mbegu 10 kwenye kitambaa chenye unyevu na usubiri muda wake wa kawaida wa kuota. Zikiota 8, sia kama kawaida. Zikiota 5, sia mara mbili zaidi. Zikiota 2, zitupe kwenye lundo la mboji na utafute nyingine.